Tofali Elfu Moja na Tisa

Emiliana, mfyatua tofali wa Nkuhungu, alizaliwa ameshika udongo, nilimwona mwenyewe. Juzi wingu lilishuka likamgusa kilemba, na tofali zake elfu moja na tisa zilikuwa mbichi. Zikinyeshewa, zinarudi tope. Mnunuzi, Zablon, akagoma kupakia.

"Mama, panga mistari sawasawa, nihesabu mmoja nizidishe. Ikibaki hata tofali moja, najua unanipunja."

Akapanga saba saba, ikabaki moja. Nane nane, moja. Tisa tisa, moja tena. Tone likamdondokea puani.

"Hii ni namba tasa," Zablon akasema. "Utapanga mpaka uzeeke, haigawanyiki."

"Ina kiburi tu, mwanangu."

Akainua tofali moja, akaipasua gotini. Zilizobaki zikakubali saba, nane, hata tisa. Zablon akapakia, mvua ikimchapa mgongo.