Tecla wa Sigowet, Visiwa Viwili na Nusu Ekari ya Mahindi

Saa tisa alasiri mvua inaanza kupiga mabati, na Tecla Chepchirchir anaanza kuomba stima zisipotee. Anaketi, anainuka, anachungulia dirishani, anaketi tena. Asubuhi alichuma kilo ishirini na moja za majani chai zikapimwa kituoni. Sasa yuko kwenye chumba cha kukodi nyuma ya duka la mbolea, hapa Sigowet, mbele ya kompyuta ya mtumba, akilinganisha akiba za fedha za kigeni za nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga.

"Ni visiwa vidogo tu. Majina siwezi kukuambia, mkataba unakataza," anasema mama huyu wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka thelathini na minne.

Kazi huipata mtandaoni. Ulinganisho ukikubaliwa, hulipwa shilingi mia sita. Ukikataliwa, hapati hata senti.

Wiki mbili zilizopita alikataliwa. Kisiwa kimoja kilikuwa na dola milioni mia tisa, kingine milioni mia mbili na themanini. Tecla akaandika kwamba cha kwanza ndicho kilicho salama zaidi. Nani asingeandika hivyo? Msimamizi wake, Onyiego, akampigia simu.

"Aliniambia, 'Tecla, hao watu karibu kila kitu wananunua nje. Uliza hiyo pesa itawanunulia vitu miezi mingapi.'"

Akapiga hesabu upya. Kisiwa tajiri kilikuwa na pesa za miezi mitatu tu, kile maskini, saba. Kazi ikakubaliwa, lakini moyo wa Tecla ukakataa kutulia.

Kisa ni kwamba mumewe, Kipkurui, alikuwa ameleta miche elfu mbili ya chai. Nusu ekari ya mahindi, ya mwisho waliyobaki nayo, ingegeuzwa chai. Majirani walikuwa wameitwa Jumamosi kwa morik, ile kazi ya pamoja ambayo mwenye shamba hulipa kwa chakula na maziwa ya mursik, waje wachimbe mashimo.

Nusu ekari hiyo huwapa magunia manane, na nyumba hula gunia moja kwa mwezi. Malipo ya chai waliyo nayo huishia kwenye karo. Akiba yao ni shilingi elfu kumi na sita, yaani magunia manne, chakula cha miezi minne tu. Na miche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri.

"Nikaona kumbe sisi ndio kile kisiwa tajiri cha kuringa," anasema.

Alhamisi, wakila, akamweleza mumewe. Lo, alijuta!

"Nyumba yangu unailinganisha na nchi za watu?" Kipkurui aliuliza. "Kila mtu hapa amepanda chai mpaka mlangoni. Mimi nibaki na mahindi kama nani?"

"Baba Kipngeno, na unga ukipanda bei?" Tecla aliuliza.

"Si tutanunua."

"Kwa pesa gani?"

Kipkurui aliinuka hajamaliza kula.

Ijumaa, mume alipokwenda mnadani, Tecla hakufungua kompyuta. Shamba lilikuwa limeshalimwa. Akabeba mbegu na jembe, akapanda nusu ekari nzima peke yake. Alijua kwamba katika ujirani wao mbegu ikishaingia ardhini, hakuna atakayetia jembe kuifukua. Ni mwiko.

Jumamosi majirani kumi na wanne wakafika, wakaiona ile mistari. Mzee Kipsang, kiongozi wa kundi, akaweka jembe chini.

"Hapa kumepandwa. Sisi hatufukui chakula."

Wakanywa mursik, wakaaga. Kipkurui akabaki amesimama kando ya miche yake.

"Nilimwaibisha mbele ya watu, na inaniuma," Tecla anasema, macho yamemlowa. "Lakini watoto wangu hawatazunguka na bakuli wakiomba unga. Hapo sitaomba msamaha."

Mpango wake ni kukodi kipande cha ardhi kwa pesa za mtandao, ile miche ipandwe kabla mvua hazijakatika. Ndiyo maana leo amechukua visiwa vingine viwili.

Na mumewe je? Tecla anacheka kidogo, kisha anajifuta uso. Jumatatu asubuhi alisikia kelele nje, akatoka mbio. Kipkurui alikuwa katikati ya shamba, buti zimejaa matope, akirusha mawe kulia na kushoto.

"Hajaniongelesha mpaka leo," anasema. "Lakini kunguru waliokuja kufukua mbegu zangu, amewafukuza wote."