Ndege wa Aloo

Kila mwaka kikundi cha kina mama wa kanisa moja la Nyalenda hufanya matembezi, na mwaka huu karibu wote walitaka Kericho, wakapigie picha kwenye mashamba ya majani chai. Aloo ndiye aliyewageuza nia. Huyu Aloo ni mkata mafunjo na msuka mikeka, na mikutanoni hutulia kama maji ya mtungi. Siku hiyo, sijui alipatwa na nini, alisimama akasema kwamba kwenye kinamasi anakofanyia kazi kuna ndege mwenye kifua chekundu cha kuwaka, mgongo mweusi na utosi wa manjano, na kwamba aliyemwona huyo hana haja ya Kericho. Wakacheka, lakini Jacinta, mwenyekiti, akakata shauri waende wakamwone. Mdomo ukawa umeponza kichwa: ndege asipotokea, Aloo angetaniwa mwaka mzima.

Walifika asubuhi, sare zimepigwa pasi, vitambaa vyeupe kichwani. Na hapo wakafanya kosa ambalo kina mama wa kanisa tu ndio wangelifanya: waliingia hifadhi ya kinamasi hicho wakiimba. Kwao, kufika kwa watu bila wimbo ni kukosa adabu. Beti nne, vigelegele, na kayamba la Elsie juu yake. Yangeyange wote wakaruka. Hata kiboko aliyekuwa amejipumzikia akazamisha kichwa, wasimwone tena.

Mathews, mtembezaji wa wageni, mtu mpole wa makamo, aliwangoja wamalize na kuwashukuru kwa wimbo. Kisha kwa saa nzima aliwapitisha kwenye daraja la mbao, wakipokezana darubini moja. Wakaona mdiria. Wakaona mnandi akianika mabawa. Ndege wa Aloo, hakuna.

"Sasa Aloo," Jacinta akasema, "hiyo ndege yako imeenda Kericho?"

Wakaangua kicheko. Aloo naye akacheka, lakini aliona aibu, tena aibu ya kweli. Miaka ishirini na sita watu hawa walimpa pole kila alipopita na mzigo wa mafunjo, miguu imejaa matope. Mara hii moja tu alitaka kuwaonyesha kitu cha kwake.

Ndipo akakumbuka jinsi ndege yule anavyokuja. Huja akisikia mafunjo yakivunjika, maana bua likianguka wadudu hutawanyika, naye huwafuata wakataji kama kuku anavyofuata jembe.

"Mathews, nishuke kidogo?"

"Mama, hii upande haturuhusu kukata."

"Sikati. Navunja tu zile zimekauka."

Mathews alifikiri, akakubali kwa kichwa. Aloo akavua viatu, akapandisha sketi ya sare, akaingia matopeni hadi magotini. Jacinta alifumba macho kwa kuihurumia ile sketi. Aloo akavunja bua moja kavu, la pili, la tatu, bila haraka, vile afanyavyo Jumatatu yoyote.

Kina mama walinyamaza, pengine kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe. Sauti ikalia ndani ya mafunjo, nyingine ikaijibu, na ndege akatokea, akatua hatua tatu kutoka kwa Aloo, mwekundu vilevile alivyosema. Akadonoa wadudu kwenye bua lililoanguka. Mwenzake akamfuata. Hakuna aliyekumbuka darubini.

"Kumbe," Elsie alinong'ona, "wewe unaona hii kila siku ukienda job?"

"Karibu kila siku."

"Na sisi tunakuambianga pole."

Aloo akainama, akavunja bua jingine kavu. Alijua akifungua mdomo atalia kwa furaha. Alipogeuka alimwona mwenyekiti ameketi kwenye mbao za daraja, akifungua viatu vyake vya Jumapili.

"Nikanyage wapi?" Jacinta akauliza.