Beki wa Chumba cha Baridi

Mwaka wa nne tangu tuhame Unguja nilipata kazi kwenye kambi ya mafuta iliyokuwa ikijengwa pwani, magharibi ya Matrah, karibu na Maskat. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nakaa na mama yangu katika vyumba viwili vya kupanga. Kwa kuwa nilisoma skuli na Kiingereza nilikijua, nilitiwa kwenye mitambo ya baridi. Nyama na siagi za wazungu zilikuja kwa meli, zikawekwa katika vyumba viwili vikubwa vya baridi, na mimi nilisoma vipimo, nikatia mashine mafuta, nikamfuata fundi mkuu popote alipokwenda.

Fundi huyo alikuwa Mfaransa, mtu wa makamo, mrefu, pua imevunjika zaidi ya mara moja. Meno yake ya mbele yalikuwa ya bandia, na joto likizidi aliyavua akayatia katika mfuko wa shati. Alikuwa na tabia moja iliyonitia wasiwasi tangu wiki ya kwanza. Hakumpa mtu mgongo. Akitoka chumbani alitoka kinyumenyume, macho mbele, miguu imepanuka, kama kuna mtu anamjia naye anampimia njia.

Sikumuuliza. Siku moja alinikuta nyuma ya jiko nasukuma kifuniko cha kopo kwa mpini wa ufagio, nakipitisha huku na huku.

"Umejifunza wapi hivyo?" akaniuliza.

"Unguja. Skuli tulikuwa tukicheza magongo."

"Nafasi gani?"

"Beki."

Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Mimi pia beki," akasema. "Lakini wa barafuni."

Ndipo nilipojua kuwa huko kwao kuna magongo yanayochezwa juu ya maji yaliyoganda, wachezaji wamevaa viatu vyenye visu chini, na badala ya mpira wanapiga kipande cha mpira mweusi, bapa kama kisahani. Yeye alizaliwa mji wa milimani, akajifunzia kwenye bwawa lililoganda, na akiwa bado kijana akaanza kulipwa kwa kucheza. Kutoka hapo alicheza Uswisi, Italia, Ujerumani, Sweden, na msimu mmoja Kanada, katika mji wa wachimba madini ambako, alisema, jua lilikuwa likichungulia tu. Kila msimu au miwili timu mpya, lugha mpya, chumba kipya cha kupanga.

"Walikuwa wanakuuza?" nikauliza.

"Hapana. Nilikuwa naondoka mwenyewe."

Baada ya kuacha mchezo alisomea ufundi wa mitambo ya baridi, kazi aliyoiona kila kiwanja alichopita, kisha akaomba apelekwe mahali penye joto kuliko pote. Wakamleta Maskat, kisha wakampa kazi ya kutengeneza baridi. Alinisimulia hayo bila kutabasamu.

Kiangazi kile meli ya nyama ilichelewa, na chumba cha pili kikabaki kitupu. Baada ya adhuhuri kambi yote ililala, maana jua la saa nane lilikuwa halistahamiliki. Mimi nilirudi kuchukua kofia niliyoisahau. Nikasikia sauti ndani ya chumba kitupu, kama mtu anakata kitambaa kirefu kwa mkasi, anasita, anakata tena. Nikafungua mlango.

Alikuwa amemwaga maji sakafuni kwa mpira wa bomba, tabaka juu ya tabaka, kila moja limeganda kabla ya lingine, mpaka sakafu nzima ikawa nyeupe na laini. Alikuwa amevaa viatu vyake vya visu na koti la sufu, gongo mkononi. Alikuwa akirudi nyuma. Hakwenda mbele hata mara moja. Anateleza kinyumenyume kutoka ukuta wa mbali kuelekea mlangoni, anapinda kushoto, anapinda kulia, gongo limetangulia, macho yamemkazia mtu. Chumbani hamkuwa na mtu. Kila alipofika karibu nami alisimama ghafla, bega mbele, kama beki anayeziba njia, kisha akarudi mwisho wa chumba kuanza upya.

Aliponiona hakushtuka. Alisema tu, "Funga mlango, baridi inatoka."

Nikaufunga, nikabaki ndani kwa haya. Hapo ndipo niliposikia vizuri. Alipokuwa anateleza, sauti ya visu ilikuwa moja. Aliposimama, ilibaki sauti nyingine, nyepesi, inaendelea kidogo, kisha inakoma. Nikajiambia ni mwangwi wa kuta za bati.

Siku ile ile mpishi wa Kibaluchi, ambaye jiko lake lilipakana na chumba kile, aliniuliza kwa Kiarabu, "Mfaransa anakuwa na nani mle mchana?" Nikamwambia yuko peke yake. Akanitazama, akarudi kwenye sufuria zake.

Nilimhadithia mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mwanangu, mimi sina la kumwambia mzungu," akasema. "Lakini wewe ukiingia mle soma Ayatul Kursi. Na yeye muulize anamzuia nani. Pengine hajaulizwa."

Ijumaa iliyofuata mimi na Mfaransa tulikwenda Qantab, kijiji cha wavuvi, kwa mashua, kwani wakati huo njia ya gari haikuwapo, na binamu ya mama alikuwa ameolewa huko. Wakati wanatutayarishia samaki, tulikaa juu ya mawe, nikamuuliza kama nilivyoagizwa.

Kisha akasema kuwa akiwa bado na timu ya kwao alimzuia kijana wa timu pinzani aliyekuwa akija kwa kasi. Ulikuwa mzuio halali, mwamuzi hakupuliza filimbi. Kijana akagonga ubao wa pembeni kwa kichwa, akaanguka, akainuka anacheka, akamwambia, "Mara nyengine nitapita." Akamaliza mchezo. Asubuhi hakuamka.

"Hakuna aliyenilaumu," akasema. "Mama yake aliniandikia. Alitaka kujua mwanawe alisema nini, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Sikujibu. Ningemwandikia vipi maneno yale?"

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo kila kiwanja anakuja. Namzuia. Nabadilisha timu, anakuja. Hapa nilidhani hapana barafu. Chumba kilipobaki kitupu, nikaitengeneza mwenyewe."

Sikuwa na elimu ya mambo hayo. Nilisema lililonijia kichwani, la mchezaji kwa mchezaji. "Kwa nini humpishi?"

Aligeuka akanitazama kana kwamba nimemtukana. Samaki wakaja, tukala, tukarudi.

Kesho yake, saa nane, aliniita. Safari hii sikusahau kitu, nilikwenda kwa miguu yangu na kwa hofu yangu. Nilisimama pembeni ya mlango, nimeuacha wazi kama alivyotaka, hewa ya moto mgongoni na pumzi yangu inatoka moshi mbele. Nilianza Ayatul Kursi, ikanipotea katikati, aya niliyoijua tangu chuo cha Kurani.

Alirudi nyuma kama kawaida, akapinda, akafika katikati. Hapo akainua gongo, akajisogeza mpaka ukutani, akasimama wima, mikono chini. Hakuwa akisogea hata kidogo. Sauti nyepesi ya visu ikaja kutoka upande wa pili wa chumba, ikakaribia, haikukoma. Kitu cha baridi kilinipita bega la kushoto na kutoka nje kwenye jua.

Kisha sote wawili tukatazama chini. Kwenye barafu, kutoka ukuta wa mbali hadi kizingitini, palikuwa na mkato mpya mmoja, mwembamba, ulionyooka, umbali wa hatua tatu kutoka aliposimama. Alivua viatu, akachukua patasi, akaanza kuibandua sakafu, nami nikachukua koleo nikamsaidia. Tulizitupa zile barafu nje, na kabla hatujamaliza zilizotangulia zilikuwa zimeshakauka.

Wiki ile aliandika barua. Ilimchukua siku nne, na karatasi nyingi alizichana. Mimi ndiye niliyeipeleka posta mjini Maskat, nikaishika kwa mikono miwili njia nzima.

Meli ya nyama ilifika, chumba cha pili kikajaa. Yeye alikaa mpaka baridi ya mwaka ule, kisha akahamishiwa jangwa jingine, Afrika ya kaskazini. Siku ya kuondoka alitupungia mkono, akatupa mgongo, akatembea mpaka kwenye ndege bila kugeuka. Aliniandikia mara moja tu. Alisema mama wa yule kijana bado hajamjibu, na pengine hatamjibu, naye hamlaumu.