Nyumba Isiyo na Mbu

Nilisikia pampu kabla sijamwona. Fss, fss, kimya kidogo, halafu fss tena, kutoka nyumba ya jirani ng'ambo ya ua wa minyaa. Nilikuwa napepeta ndengu na susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, nikauacha ungo palepale. Kyuso nzima hakuna mwingine aliyekuwa na pampu ya namna ile. Baba amekuja.

Baba alikuwa mtafiti wa magonjwa yanayoletwa na mbu, na alikaa kule mbu walikokaa. Mama alifundisha shule huko Tawa, mimi nikalelewa na susu. Kwa hiyo baba nilimjua vipande vipande: harufu ya dawa kwenye kola, kikohozi nyuma ya nyumba, viatu vikubwa karibu na kitanda, kisha nafasi ya viatu.

Safari hii alikuja na habari. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na wakubwa wake walitaka mahali pamoja pa kufanyia kazi mpaka msimu uishe. Mbu wakipatikana wa kutosha kijijini kwetu, angebaki nyumbani. Jumapili hiyo, wenzangu walipofumba macho kuwaombea wagonjwa, mimi niliomba mbu.

Kazi yenyewe ilifanywa asubuhi. Wenye nyumba walitoa nje vyakula na vyombo, baba akatandika shuka nyeupe kila mahali, akafunga mlango na dirisha, akapuliza dawa. Baadaye aliingia kuokota mbu walioanguka, mmoja mmoja, kwa kibanio.

Zamu yetu ilipofika, shuka ilitoka nyeupe pe. Baba akanusa hewa, akamgeukia mama yake.

"Mwaitu, humu kuna moshi."

"Upo," susu akamjibu mwanawe. "Jana nilichoma mavi ya ng'ombe na majani ya mwarobaini. Ulitaka watu wa ofisi yako waje wakute nyumba yangu inaimba?"

"Si niliwaomba msiguse kitu?"

"Ulisema tusifagie. Nimefagia?"

Jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: "Daktari! Kwangu ulipata wangapi?"

"Hakuna, mama."

"Basi mwambie mama yako nimemshinda. Mimi hata buibui sina!"

Ndivyo ilivyokuwa kila boma. Akina mama walikuwa wamesikia kanisani kwamba serikali inakuja kuangalia mbu ndani ya nyumba, na hakuna aliyekubali kuonekana mchafu. Baba alicheka nao. Kisha akakaa kwenye kigoda, shuka magotini, akaikunja polepole kuliko ilivyohitaji.

Aliwasihi wasichome tena. Wakaitikia kwa heshima, na jioni moshi ukapanda juu ya kila paa.

Nilimfuata susu jikoni. "Susu, leo usichome. Baba akikosa mbu ataondoka."

"Kwa hivyo tuugue ndiyo baba yako akae?"

Aliendelea kuvunjavunja mavi makavu juu ya makaa.

"Ndugu zake niliwazika kwa homa, wakiwa wadogo kuliko wewe. Yeye ndiye niliyebakiwa naye. Unafikiri wewe peke yako unataka alale hapa?" Akatupia majani. "Lakini sitafuga mbu ili nimwone."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Sijui alisikia kuanzia wapi. Ninachojua ni kwamba hakumwomba tena.

Gari lilimfuata asubuhi, kumpeleka upande wa Kiboko ambako mbu walikuwa wamepatikana. Hadi leo nikifika mji mgeni na mbu akaniimbia sikioni, mkono wangu husita kabla ya kumpiga. Kwa sekunde ile moja huwa namsubiri mtu.

Susu alimfungia ndengu kwenye kitambaa, akamrekebishia kola kana kwamba anakwenda shule. Baba alinishika kichwa, kiganja kikafunika utosi wote.

"Umsikilize susu," akasema.

"Utarudi lini?"

"Nikimaliza huko."

"Mbu huisha?"

Alimtazama mama yake, naye alikuwa akitazama sakafu. Gari likapiga honi. Baba akainama apite chini ya kizingiti cha juu, akatoka, na susu akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafungika.