Dawa Nyekundu ya Mama

Mama yangu aliipenda ile dawa nyekundu. Nesi akiitundika, wagonjwa wenzake waligeuza uso. Yeye alinyoosha mkono kama anayepokea zawadi. Akilini mwake chekundu huongeza damu: rozela, bitiruti, na sasa hii ya kansa ya titi. Alipokojoa mkojo mwekundu, nesi akamweleza kuwa ni rangi ya dawa tu. Mama akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba nesi bado mtoto, hajui kuwa damu ikijaa hufurika. Mbishi huyo! Nami ningebishana na nini, wakati uvimbe ulikuwa unanywea kweli?

Nyumba yetu ya Kiseke iko juu kwenye mawe. Tukipanda kwenda nyumbani, akaanza kusimama katikati ya mlima, akijifanya anatazama ziwa. Mtu kazaliwa analiona ziwa hilo hilo, leo lina nini jipya? Nikimuuliza, anasema jua kali. Akawa analala ameegemea mito. Miguu ikavimba hadi kandambili hazimwingii, akasingizia chumvi ya dagaa. Kliniki wakimuuliza kama anahema, anajibu hajambo kabisa. Aliogopa watamnyima ile nyekundu, damu impungukie, afe.

Akaanguka jikoni akiosha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Hospitali wakampima moyo, na daktari akatueleza polepole. Dawa ile huipiga kansa, lakini ndani ya moyo huifanya hewa tunayovuta izae chembe kali zinazounguza misuli. Mwili una vitu vyake vya kuzizima chembe hizo, ila moyo unavyo vichache, na kazi yake haina mapumziko. Wangejua mapema wangeisimamisha. Misuli iliyokwisha kufa hairudi.

"Kumbe ni kutu," mama akasema.

Daktari akakubali kwamba inafanana na kutu.

"Jembe lina afadhali. Lenyewe huliwa likitelekezwa. Mimi nimeliwa nikiwa kazini."

Niliwaka. Nilimuuliza mbele za watu kwa nini hakusema, mayu, mama yangu, kwa nini, huku nalia. Hakubishana, na hapo ndipo nilipoogopa. Pumzi ikimkatika, aliniambia kuna mwenzake wa benchi la kliniki, mama muuza maandazi wa Buhongwa, naye anaficha kuhema. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuficha.

"Kamwambie akihema aseme."

Tulimzika wiki ile ile. Waliokuja msibani walisema kansa imemchukua, nami nikachoka kuwasahihisha. Uvimbe ulikuwa umekwisha.

Siku ya kliniki nilikwenda. Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi, chupa ya rozela mapajani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mgonjwa wangu anaendeleaje.

"Anakusalimu," nikasema. "Amesema ukihema, useme."

Akakitazama kichwa changu kilichonyolewa kwa msiba. Akaiweka chupa chini. Zamu yake ilikuwa bado, lakini alinyanyuka akaenda kugonga mlango wa daktari, akihema.