Oili Nyeupe

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa saba, mchana, nilimpoteza kaka yangu. Siku arobaini baadaye boti yake ilikataa kusogea mbele ya macho ya watu waliokuja kuondoa matanga. Kifo cha kaka kilikuwa cha Mungu. Hili la pili lilikuwa langu, na ndilo ninaloliandika, maana wako watu ambao mpaka leo wanalisimulia vibaya.

Siku ile tulikuwa tunatoka kisiwa cha Idjwi na mananasi, maharagwe na abiria tisa. Kaka alikuwa kwenye usukani. Akaniambia, "Shika hapa, mudogo wangu," akakaa juu ya magunia kama mtu aliyechoka. Hakusema kitu kingine tena. Niliifikisha boti Bukavu, nikazima moteri, nikafunga kamba, tukampandisha kaka barabarani tukiwa tumembeba mikononi. Hospitalini daktari alimgusa shingo, akaniuliza jina la mgonjwa na umri wake. Nilimjibu vizuri, tena kwa sauti ya kawaida. Ni muuguzi aliyenionyesha kwamba bado nilikuwa nimeshika kopo la kutolea maji ndani ya boti.

Katika ukoo wetu, chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaondolewe. Jembe linaegemezwa nyuma ya nyumba, cherehani inafunikwa kitambaa. Siku ya kuondoa matanga ndipo wazee wanamkabidhi anayerithi. Baba mdogo wetu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia, alisema chombo cha kaka ni boti, kwa hiyo mtu yeyote asiingie ndani yake. Nilipenda aliposema hivyo. Ni mimi niliyefunga chumba cha moteri kwa kufuli, na funguo zote nikampa mke wa kaka. Kila Jumapili baada ya misa nilishuka kuitazama boti nikiwa nchi kavu. Ilinituliza kuona imelala pale, hakuna aliyeigusa.

Siku ya arobaini tulishuka wote mpaka gatini na nguo zetu za misa. Baba mdogo aliomba, kisha akamwambia mke wa kaka kwamba boti ni yake na watoto wake watatu, na mimi nitaiendesha kwa niaba yao. Hawana shamba. Chakula chao na masomo yao vyote vinatoka kwenye boti hiyo. Mke wa kaka akazungusha ufunguo mwenyewe. Moteri ikashika mara ya pili, watu wakapiga makofi. Nikasukuma mkono wa gia mbele.

Boti haikusogea. Nyuma ya moteri kulisikika kitu kama mtu anayetafuna changarawe. Pale nyuma ndipo ilipo bwate, ndivyo tunavyoliita sanduku la gia, chuma kinachopeleka nguvu ya moteri kwenye helisi, yale mapanga yanayozunguka majini. Juu yake kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Kitundu hicho kikaanza kutoa povu jeupe, kama maziwa yanayofurika kwenye sufuria, likashuka mpaka kwenye viatu vyangu. Nilizima. Nikaligusa kwa vidole. Lilikuwa baridi, linateleza. Oili ya bwate ni nyekundu. Sikuelewa ninachokiona.

Shangazi yetu ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini. "Amekatala. Mwenyewe bado hajaiachilia."

Baba mdogo akasema, "Kama amekatala, tusishindane naye. Kuko mutu wa Kavumu aliuliza kama tutaiuzisha. Nitamuita dimanshi ijayo."

Mke wa kaka alikuwa bado ameshika ufunguo. Aliuweka kwenye leso yake, akapanda barabara peke yake.

Kesho yake nilimwomba mke wa kaka ufunguo, nikamwita mekanisie wa kaka, fundi wa moteri, mzee wa Kiislamu kutoka Uvira ambaye hajawahi kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa. Aliweka beseni chini ya bwate, akalegeza buloni, bolti ya kumwagia oili. Yalitoka kwanza maji matupu, mengi, kisha kitu kizito cheupe.

"Tonton, uliniita kwa oili ama kwa chai ya maziwa? Sukari tu ndiyo inakosa."

Tonton, yaani mjomba, ndivyo anavyoniita. Alifungua radiateri ndogo inayopoza oili ya bwate kwa maji ya ziwa, akaziba upande mmoja, akaizamisha kwenye ndoo, akapuliza upande wa pili. Vipovu vikapanda.

"Ona, iko inapumua. Marehemu alijua. Nilimwambia anunue ingine, akasema, kwanza batoto basome."

"Na boti ilikuwa inatembea je?"

"Moteri ikitembea, oili ndiyo iko na nguvu, inasukuma maji inje. Ukizima, maji ndiyo inaingia, polepole. Ndiyo sababu kila jioni alikuwa anafunga ile robine ya maji pale chini. Miaka yote hiyo wewe hukumuona?"

Nilimwona. Kila jioni nilipokuwa nafunga kamba, niliona mgongo wake umeinama kwenye chumba cha moteri. Nilidhani anakusanya vyombo vyake. Sikuwahi kumwuliza.

Mzee akamulika chini kwa simu. Mkono wa robine, koki ya kufungia maji ya ziwa, ulikuwa umelala sambamba na bomba. Wazi.

"Siku ile nani alileta boti?"

"Ni mimi."

Aliacha mzaha. Alifuta mikono kwa muda mrefu. "Siku makumi ine," akasema. "Ungefungua hata wiki ya kwanza, tungemwaga tu, tungesafisha." Kisha akaongeza taratibu, "Lakini sikiliza, tonton. Chuma haina mudomo. Mutu akiniuliza, nitasema ni uzee."

Lazima niseme ukweli hapa: nilitamani kulikubali neno lake. Kwa siku tatu nilifanya naye kazi na kurudi nyumbani bila kumwambia mtu yeyote. Ilikuwa rahisi zaidi marehemu awe amekataa.

Tulifungua bwate yote. Beringi zilikuwa na kutu juu juu. Disiki, sahani za chuma zinazoshika gia, za kwenda mbele zilikuwa kahawia lakini nzima. Za kurudi nyuma zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizosahauliwa kwenye sahani, akazitupa. Tuliosha kila kitu kwa mazutu, yaani dizeli, tukafunga, tukaweka radiateri nyingine iliyopatikana sokoni Kadutu, tukatia oili, tukawasha dakika chache, tukaimwaga. Mara ya kwanza ilitoka nyeupe. Mara ya pili ikawa kama chai yenye maziwa kidogo. Mara ya tatu ilitoka nyekundu, safi, na mzee akaipaka kwenye kiganja chake akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Jumapili hiyo tulikutana nyumbani kwa kaka. Baba mdogo alisema mnunuzi yuko njiani. Ndipo nikasema.

"Kaka hakukatala kitu. Ni mimi niliacha robine wazi siku alianguka. Maji iliingia ndani ya bwate siku zote za matanga. Na ni mimi nilifunga mulango kwa kufuli."

Shangazi aliangalia sakafu. Baba mdogo alikohoa. "Na mimi ndiye nilisema musiiguse," akasema.

Mke wa kaka alinitazama. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Aliuliza, "Shemeki, unasema haikuwa yeye?"

"Haikuwa yeye."

"Siku hizi zote niko najiuliza nilimukosea nini." Akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, watoto wakatoka jikoni kumwangalia. Nilikuwa nimefikiri nalificha kosa langu mimi. Sikuwa nimejua nimembebesha nani.

Mnunuzi alikuja, akapewa chai, akarudi Kavumu.

Jumatano tulikwenda Idjwi. Mke wa kaka alikuja pia, alisema anataka kuona. Boti ilienda mbele vizuri. Kurudi nyuma haiwezi mpaka leo, kwa hiyo karibu na gati nazima mapema na kusukuma kwa mti mrefu. Mekanisie alikuwa amekaa gatini anatungojea, akapiga kelele, "Chai iko tayari?" Mke wa kaka akamjibu, "Leo ni bila maziwa, muzee."

Nilifunga kamba. Nilipogeuka, mke wa kaka alikuwa ameingia kwenye chumba cha moteri.

"Robine iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Alipiga magoti na nguo yake nzuri, akaizungusha robine mpaka mkono wake ukakingama na bomba, akaijaribu tena kama imekaza. Kisha akatoka, akaniambia nifunge ubao wa chumba cha moteri.