Mashua Niliyoifunga Kama Robota

Mume wangu ni mtu wa Kondoa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia tuna mashua ya tanga hapa Guangzhou hunigeukia mimi, mzaliwa wa Tanga, wakidhani ndimi niliyeileta balaa hiyo nyumbani. Hapana. Mimi nilikua jirani na bahari, lakini mambo yake niliyajua zaidi yakiwa kikaangoni. Mwenye wazimu wa mashua ni yeye, aliyejifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, amevaa boya la watoto lenye picha ya bata.

Tuna kiofisi chetu kwenye jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei. Tunapokea mizigo ya wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Arusha, tunaikusanya, tunaifunga, tunaipakia kwenye kontena na kuipeleka bandarini Huangpu. Mume wangu ndiye wa kuongea na wateja, maana ana mdomo mtamu na uvumilivu. Mimi ndiye wa kufunga. Nasema bila haya kwamba sijamwona wa kunishinda katika kazi hiyo. Niletee vioo vya kabati la bibi harusi, niletee taa za msikitini zenye vigololi vya kioo, vitafika. Siri yangu ni kukaza. Kitu kisipate nafasi ya kucheza ndani ya boksi, na boksi lisipate nafasi ya kucheza ndani ya kontena, kwa sababu kinachocheza ndicho kinachovunjika.

Mashua ilitujia kupitia mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Tulimfungia vitabu vyake, na kwa vile mume wangu hawezi kukaa na mtu bila kupiga soga, akaalikwa kwenda kuiona mashua ya mwalimu. Alirudi jioni pua imebabuka kwa jua, anacheka peke yake kwenye ngazi. Mwalimu alipoondoka, mashua ikabaki kwetu. Ni ndogo, nyeupe iliyochoka, ina mlingoti mmoja na kijumba cha chini ambacho ukishaingia lazima utoke kinyumenyume. Tunaiweka Nansha, kusini kabisa mwa jiji, mto unapokutana na bahari, kwenye mfereji wenye gati la zege ambalo wavuvi na wafugaji wa samaki hufunga vyombo vyao.

Mtu asikudanganye kwamba kuwa na mashua ni starehe. Ni kama kuwa na mgonjwa ndani ya nyumba. Kuna kukwangua konokono waliojibandika chini, kuna kupaka rangi, kuna ukungu unaoota kwenye magodoro. Halafu kuna msimu wa vimbunga, ambao huanza joto likianza na hauachi kutusumbua mpaka karibu na yale maonyesho ya biashara ya Pazhou ya mwezi wa kumi. Kila kimbunga kikizaliwa huko mbali baharini, simu za mji mzima hulia. Mara nyingi hugeuka kikaenda kuwasumbua wengine, lakini huwezi kujua. Kwa hiyo mume wangu huwaacha wateja katikati ya maneno, hubeba mfuko wake wa kamba na kukimbilia Nansha. Huko hushusha tanga, hutoa kila kinachoweza kudakwa na upepo, huongeza kamba, huning'iniza matairi ubavuni. Mimi nabaki ofisini nikiwadanganya wateja kwamba amekwenda kiwandani.

Niliiita mke mwenzangu, na haukuwa utani mtupu. Siku moja, baada ya kimbunga kimoja kutupita kwa mbali na yeye kurudi amelowa chapachapa, nilimuuliza mambo haya yataisha lini. Akacheka, akasema, "Siku ikizama hiyo, mama, tunafunga ofisi tunarudi nyumbani. Mimi sina kingine kinachonifurahisha China hii."

Yeye alisema akasahau. Mimi sikusahau. Mama yangu yuko Tanga, macho yanamwisha, na kila akinipigia huniuliza narudi lini kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kana kwamba halimuumi. Nilikuwa nimechoka na Guangzhou. Nilitaka kurudi, nilitaka sana, lakini mume wangu alikuwa na furaha, na mimi sikuwa na moyo wa kuwa ndiye wa kuikatisha. Basi nikaiachia bahari ifanye kazi hiyo. Kila msimu nikawa naangalia ramani za vimbunga kwa macho mawili, moja la hofu, moja la tamaa.

Mwaka jana mume wangu alikwenda Kondoa kumwoza mpwa wake. Mimi nilibaki kwa sababu mizigo ilikuwa imejaa mpaka kwenye korido. Aliniachia simu yake ya China, yenye lile kundi la wenye vyombo wa kule mferejini, akaniomba niiangalie mashua. Nikamwambia aende kwa amani. Ndege yake haijapoa vizuri, kimbunga kikazaliwa, tena hiki hakikuwa na nia ya kugeuka.

Nikaenda Nansha asubuhi yake, nikiwa na vifaa vyangu vya kazi. Sikujua kufunga mashua, lakini kufunga nilikujua, na kwa mawazo yangu mashua ni mzigo kama mizigo mingine. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashua ilikuwa imekaa chini kabisa ya gati, kamba za mume wangu zimelegea kizembe, hata nikasikitika. Nikaanza kazi. Nilitoa tanga, nikazungushia mlingoti nailoni, nikafunika kijumba kwa sandarusi na selotepu pana ya kahawia. Kisha nikatoa mikanda yangu ya kukazia mizigo ya kontena, ile yenye chuma cha kuvutia, nikaipitisha mbele na nyuma mpaka kwenye pete za chuma za gatini, nikakaza. Nikakaza tena. Nikaisukuma mashua kwa mguu, haikutikisika hata kidogo. Wavuvi wawili watatu walikuwa wanapita na shughuli zao, wakanitazama, wakatabasamu. Nikadhani wananisifu.

Mume wangu akanipigia nikiwa kwenye treni ya kurudi. Kwao ilikuwa alfajiri, lakini nyuma yake nilisikia akina mama wanapiga vigelegele vya majaribio.

"Umeifunga vizuri?" akauliza.

"Unaniuliza mie?" nikamjibu, na yeye akacheka, akarudi kwenye sherehe yake.

Nilifika nyumbani Xiaobei kabla ya adhuhuri. Maduka yalikuwa yanafungwa, watu wanabandika vioo vya madirisha kwa selotepu, foleni ya mkate imepinda mpaka barabarani. Nikapika chai. Nilikuwa na raha, nilikuwa nimetimiza wajibu. Ndipo simu ya mume wangu ikaanza kulia mfululizo. Kwenye kundi la mferejini mtu ameweka picha ya vyombo vyote vimepangana gatini. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa kamba ndefu, zilizolegezwa. Katikati yao kulikuwa na mashua moja imeviringwa na kubanwa kama robota la mitumba. Chini ya picha watu wamejaza vikatuni vya kucheka. Kisha mama mmoja mfuga samaki, ambaye kidau chake cha sampani kinalala jirani na mashua yetu, akaweka ujumbe wa sauti. Nikaupitisha kwenye tafsiri ya simu. Alikuwa anauliza mzigo huo unakwenda nchi gani, na kama mwenyewe anajua kwamba jioni maji yatapanda kuliko siku zote. Chombo kikibanwa hivyo hakiwezi kupanda na maji. Yatakifunika pale pale kilipo.

Nikaiweka simu juu ya meza.

Nitasema ukweli wangu wote hapa. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa aibu, wala huruma. Lilikuwa Tanga. Niliona baraza ya mama, nikamwona mama mwenyewe akipapasa ukuta kunijia. Ikizama tunarudi. Tena ningeonekanaje mkosaji? Nilikwenda, nilifunga kwa mikono yangu, kwa ujuzi wangu wote. Simu hii mume wangu hakuwa nayo, na ujumbe ule mtu angeweza kuwa amechelewa kuuona. Nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai tu.

Nikanywa chai. Ilikuwa na iliki, na haikuwa na ladha.

Nikajaribu kujifikiria pale tutakapopokea habari. Nitamwambia nini, pole? Nikakumbuka vile anavyokaa kwenye usukani, mtu mzima na kitambi chake, anaimba ovyo, hajui hata maneno ya nyimbo. Miaka ile ya mwanzo Guangzhou, alipokuwa akitukanwa na wenye viwanda na kurudi kimya, sikuwahi kumsikia akiimba. Nikaona kwamba nikirudi Tanga kwa njia hii nitarudi na mume asiyeimba, na mimi peke yangu ndiye nitakayejua sababu. Nikavaa viatu.

Dereva wa kwanza niliyemwita alisikia neno Nansha akatikisa kichwa. "Bu xing, bu xing," haiwezekani, akaondoka. Treni zilikuwa bado zinakwenda, ingawa walishatangaza kwamba mchana ule zitasimamishwa. Behewa zima tulikuwa watu wachache, wote tunatazama nje kana kwamba tumekosea safari. Nilimwandikia yule mama mfuga samaki kwamba robota ni langu na ninakuja. Alikuja kunipokea kituoni na pikipiki yake ya umeme, amevaa koti la mvua la waridi, ananicheka waziwazi. Nikapanda nyuma, nikamshika kiuno, mvua ikitupiga usoni mpaka nikasahau kuogopa.

Maji yalikuwa yamekwisha kupanda. Mashua ilikuwa imelala upande, ukingo mmoja umebakisha kidogo tu kumezwa, na mikanda yangu inalia kama mlango mkavu. Nilijaribu kufungua vyuma, havikusogea, vilikuwa vimekazwa na mtu anayejua kazi. Yule mama akanipigia kelele kwa Kichina chao cha Guangzhou, ambacho sikijui, lakini alikuwa anapitisha kidole shingoni mwake kama kisu. Nikaelewa. Nikatoa kisu changu cha maboksi, kile ninachotembea nacho kila siku, nikalala kifudifudi kwenye zege lililolowa. Maisha yangu yote sijawahi kukata mzigo niliofunga mwenyewe. Nikakata mkanda wa mbele. Nikakata wa nyuma. Mashua ikaruka juu, ikajitikisa na kunimwagia maji kichwani, na mimi nikajikuta nacheka na kulia pamoja, hata sijui kipi kilianza.

Tukaifunga upya, kwa kamba ndefu, moja baada ya nyingine, yeye ananilegezea kila ninapokaza. Mikono yangu ilikuwa haitaki. Treni zilishasimama, kwa hiyo nililala kwake, kwenye kochi, chini ya kalenda ya benki, na kimbunga kikapita juu ya paa na hasira zake.

Kesho yake mchana nilirudi gatini. Mfereji ulikuwa umejaa matawi, ndoo na viatu vya watu. Mashua yetu ilikuwa inaelea, chafu, imechubuka ubavu, na juu yake limetua beseni la mtu. Nikampigia mume wangu kwa video. Kondoa ilikuwa asubuhi, yuko uani na kikombe cha uji. Alipoiona alipiga kelele za furaha, akawaita wajomba na mashemeji waje waione, akawaambia mke wake ni mwanamke wa shoka, na kwamba kitu akikifunga yeye, kimefungwa. Nikangoja mpaka akamaliza. Nikamwomba asogee pembeni, mbali na watu.

"Mie nataka kurudi nyumbani," nikamwambia. "Kwa mama. Kurudi kabisa."

Akashusha kikombe. Akaniuliza tangu lini.

"Tangu siku uliyosema ikizama tutarudi. Nilikuwa nasubiri izame."

Nikamweleza yote, picha, ujumbe, chai. Nyuma yake kuku walikuwa wanapita na maisha yao. Nilipomaliza akasema, "Na jana ukaenda kuikata mikanda."

"Nikaenda."

Akajifuta uso kwa kiganja, polepole. Nilidhani atanilaumu kwa kunyamaza, au ataniahidi mambo ya mwakani, kama wanaume wanavyojua kuahidi. Akauliza kitu kingine kabisa. Aliuliza, kwa sauti ndogo kama mteja mgeni aliyeingia ofisini kwetu mara ya kwanza, kama mlingoti ukilazwa, mashua inaweza kuingia kwenye kontena.

Sikuhitaji kufikiri. Macho yangu hupima kila kitu, hata nisipotaka, na hii niliipima siku ile ile ya kwanza nilipoiona.

"Inaingia," nikamwambia.